Uzoefu wangu: samaki wa tangi la nyekundu na nyeusi

Nilitaka tangi la rangi mbili tu, nyekundu na nyeusi, na kijani cha mimea kwa nyuma. Maji nimeyaweka kwenye nyuzi 26 za Selsiasi. Nimeshafuga aina kadhaa kwa ajili ya mpango huu, na si zote zilizolifaa tangi langu.

Mshindi ni tetra kadinali, wala simwoni mpinzani wake. Wengi humchanganya na tetra wa neoni. Mtazame ubavuni: wekundu wa neoni unaanzia katikati ya mwili kuelekea mkiani, ilhali wa kadinali umetanda kutoka kichwani hadi mkiani. Kwa anayetafuta wekundu, hapo hakuna mjadala. Ule mstari wa buluu ulio juu ya wekundu huo unavunja kanuni yangu ya rangi mbili, lakini nimemsamehe. Mnunue kwa kundi, kumi au zaidi. Akiwa peke yake hujificha na hupauka kwa woga. Na taa ikiwashwa tu asubuhi, usishtuke ukimkuta amefifia. Usiku rangi yake hupungua, kisha hurudi polepole.

Cherry barb nampa alama za wastani. Dume ni mwekundu kweli, hasa akiwa anamtongoza jike. Jike mwenyewe ni kahawia, ana mstari mweusi ubavuni. Ukitaka tangi jekundu tupu, nusu ya kundi itakuangusha. Ukiondoa majike, madume nao hawana wa kumwonyesha mapambo yao. Wakiwa wadogo, kuwatofautisha dukani ni kazi.

Plati mwekundu ana rangi nzito na si mwepesi kufa. Tatizo ni uzazi: huzaa watoto walio hai, tena wengi, na ukimchanganya na plati wa rangi nyingine, watoto hutoka na rangi usizozipanga. Mpango wa rangi mbili utaharibika taratibu.

Upande wa weusi ndio ulionisumbua zaidi. Molli mweusi ni mweusi kama mkaa, anavutia sana, ila anapenda maji magumu, yaani yenye madini mengi, na yenye alkali. Kadinali asili yake ni mito ya Orinoco na Negro, kwenye maji laini yenye asidi. Kuwaweka pamoja ni kumtesa mmoja wao kwa ajili ya picha nzuri, kwa hiyo molli nilimwacha. Weusi nimeutoa kwenye mchanga mweusi na magogo, na hili ndilo ningemshauri mtu yeyote. Samaki wengi hujirekebisha rangi kufuata chini ya tangi: pakiwa peupe hupauka, pakiwa peusi hukolea. Mchanga huo umenipa weusi, na wekundu nao ukazidi.

Chakula nacho kina mchango wake. Samaki hawezi kutengeneza mwilini karotenoidi, yaani viini vya rangi nyekundu na njano. Wekundu wake hutokana na anachokula. Tafuta chakula chenye uduvi au spirulina (aina ya mwani), na usimwage kingi, kinachobaki huoza na kuchafua maji.

Kitu kimoja sinunui hata nikipewa bure: wale samaki wa kioo, wenye mwili unaopenya mwanga, waliodungwa rangi kwa sindano. Wanang'aa kweli dukani, lakini rangi hutoka baada ya miezi michache, na sindano yenyewe huwaumiza na kuwaachia maradhi.