Darasa la Ruwaza Ngamiani: Kanga Ilifundisha Zaidi ya Slaidi

Jumamosi iliyopita nilihudhuria darasa la jioni kuhusu akili mnemba katika kituo kimoja cha kompyuta hapa Ngamiani, Tanga, kwa ada ya shilingi 10,000. Tangazo liliahidi kuwaeleza watu wasio wataalamu maana ya ruwaza, yaani mpangilio unaojirudia katika vitu vingi hata vikaweza kutambulika kwa huo.

Mwanzo ulikuwa mzuri kupita nilivyotarajia. Mwalimu alitundika kanga na kuuliza tunaitambuaje, na ukumbi mzima ukajibu: pindo, mji na jina. Hiyo, akasema, ndiyo ruwaza, isipokuwa sisi tulielekezwa na mama zetu, ilhali mashine haiambiwi kanuni yoyote, bali hupewa mifano mingi yenye majibu, ikawa inakisia na kujirekebisha kila inapokosea hadi makosa yapungue. Alitaja pia MNIST, mkusanyo maarufu wa picha 70,000 za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, akaonyesha kwamba kila picha ni vitone 28 kwa 28, hivyo kompyuta haioni umbo la saba bali namba 784 za weusi na weupe. Sehemu hii peke yake ilistahili ada.

Kasoro ilijitokeza kwenye jaribio. Tulipiga picha 40 za kanga zilizoanikwa kambani uani na 40 za vitenge vilivyokunjwa mezani, programu ikajifunza, na picha mpya za namna ileile zikajibiwa sawasawa. Ndipo mama mmoja muuza kanga aliposimama na kusema, "Mwanangu, hebu kunja hii yangu uiweke hapo mezani." Programu ikajibu: kitenge, asilimia 97. Mwalimu alicheka, akaiita hitilafu ndogo na kuendelea na slaidi, jambo lililonisikitisha, kwa kuwa programu haikuharibika hata kidogo. Ilikuwa imepata ruwaza iliyokuwamo kweli katika picha zetu, ile ya kamba na meza, wala haikuwa na njia ya kujua kwamba sisi tulikusudia pindo. Asilimia ile nayo ilionyesha tu jinsi programu ilivyoliegemea jibu lake, si kwamba jibu lilikuwa kweli.

Feni moja haikutosha kwa joto la ukumbi ule, lakini hilo linavumilika. Kwa somo la pili ningeshauri picha zipigwe upya, nusu ya kanga mezani na nusu ya vitenge kambani, kisha kanga ya yule mama ijaribiwe tena mbele ya watu walewale.