Uzoefu wangu na mwakilishi wa bure katika rufaa ya kiwango cha ulemavu wa jeshini

Nilitumikia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kwa miaka minne nikiwa dereva wa malori, mwaka mmoja kati ya hiyo nikiwa Afghanistan, nikatoka na goti bovu, masikio yanayovuma na, baada ya muda, maumivu ya mgongo. Idara ya Maveterani, yaani ya wanajeshi wa zamani, hupima ulemavu uliotokana na utumishi kwa asilimia, na malipo ya kila mwezi hufuata asilimia hiyo. Uamuzi wake wa kwanza ulinipa asilimia 10 kwa goti na 10 kwa masikio, lakini mgongo ulikataliwa kwa maelezo kwamba hauhusiani na utumishi wangu. Aliyenisaidia kukata rufaa ni mwakilishi aliyeidhinishwa wa chama kimoja cha maveterani, na hakunidai hata senti moja.

Nilifika kwake nikiwa nimekwisha kujaza fomu ya kuomba mapitio ya ngazi ya juu, naye akaniomba niiweke kando. Tangu Februari 2019, asiyeridhika na uamuzi ana mwaka mmoja wa kuchagua njia moja kati ya tatu: mapitio hayo, dai la nyongeza, au rufaa mbele ya Bodi ya Rufaa za Maveterani. Katika mapitio, mkaguzi mwandamizi husoma faili lilivyo na haruhusiwi kupokea ushahidi mpya. Faili langu, kwa upande wa mgongo, lilikuwa tupu. Kwa hiyo tulijaza fomu 20-0995 ya dai la nyongeza, ambalo hudai ushahidi mpya unaohusika na jambo lenyewe.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ni pale tuliposoma pamoja ripoti ya daktari aliyenichunguza kwa ajili ya dai la kwanza. Daktari aliniuliza hali yangu alipoingia, nami, kama mtu yeyote aliyelelewa kwetu, nikajibu kwamba sijambo, kwa maana hata anayeumwa huanza na sijambo ndipo aeleze kinachomsumbua. Kwenye ripoti ilikuwa imeandikwa kwamba ninaendelea vizuri. Mwakilishi alinieleza, bila kunicheka, kwamba katika chumba kile ninapaswa kueleza siku zangu mbaya: ni mara ngapi kwa mwezi ninashindwa kuinama kufunga kamba za viatu, na maumivu huchukua muda gani kutulia.

Kilichobaki kilikuwa kiungo baina ya ugonjwa na jeshi. Hatukuhitaji kuthibitisha kwamba mgongo uliumia Afghanistan. Sheria inakubali ulemavu uliosababishwa na ulemavu mwingine ambao tayari umetambuliwa, na mimi nimechechemea kwa miaka kwa sababu ya goti. Barua ya kwanza ya daktari wangu ilisema goti "huenda" limechangia, na mwakilishi aliikataa, kwani neno hilo halina uzito wowote. Ya pili ilisema kwamba uwezekano ni angalau nusu kwa nusu, ikaeleza sababu za kitabibu, na hicho ndicho kipimo kinachotakiwa. Mwenzangu wa kikosi naye aliandika maelezo ya jinsi nilivyokuwa nikitembea baada ya safari ndefu.

Huduma hii ina kasoro zake. Mwakilishi ana wateja wengi mno. Simu yangu moja ilijibiwa baada ya siku kumi na mbili, na barua ya daktari nililazimika kuitafuta mwenyewe. Hata hivyo, kampuni moja isiyo na idhini, iliyonipigia simu bila mimi kuitafuta, ilitaka malipo ya mara tano ya kiasi ambacho malipo yangu ya kila mwezi yangeongezeka, kwa kazi ileile.

Baada ya takriban miezi mitano mgongo ulikubaliwa kwa asilimia 20, na kwa kuwa tuliwasilisha kabla ya mwaka kwisha, malipo yalihesabiwa kuanzia tarehe ya dai la kwanza. Asilimia hizi hazijumlishwi kama za dukani: 20 hutolewa kwenye 100, 10 inayofuata huhesabiwa kwenye 80 zilizobaki, na kadhalika, hata nikafika 35, ambazo hukamilishwa kuwa 40. Kuanzia 30 mtu huongezewa fedha kwa ajili ya mke na watoto, na nyumbani kwangu hilo limeonekana. Goti limebaki kwenye 10 ingawa linazidi kukakamaa, na mwezi ujao tutakutana tuamue kama tuombe lipimwe upya.