Massey 265 ya zamani, loda mbele na kijiko nyuma: uzoefu wangu Dodoma

Trekta yangu ni Massey Ferguson 265, ile yenye injini ya Perkins ya silinda 4, lita 3.9, nguvu za farasi sitini hivi. Rangi ya boneti imekwisha kwa jua, lakini injini ni nzima na spea zake zinapatikana. Imelima, imepiga haro, imevuta tela. Nilitaka ifanye na zile kazi zinazotumaliza migongo huku Mpunguzi: kupakia samadi na kuchimba mitaro ya zabibu. Kukodi mtambo kutoka mjini siku hizi ni kupanga foleni. Tangu serikali ihamie Dodoma ujenzi haulali, na mwenye mtambo hawezi kuacha kazi ya mwezi mzima akaja kwenye ekari yako moja.

Loda (ndoo kubwa ya mbele ya kupakilia) na kijiko (mkono wa nyuma wa kuchimbia) nilivipata vikiwa vimetumika, jeki zake za haidroliki zikiwa nzima. Bei yake ilikuwa ya kuongeleka. Ukipiga hesabu yako usiishie hapo, kwa sababu fedha kubwa ilikwenda kwenye vitu visivyoonekana kwenye picha: fremu na pampu.

Nianze na fremu, maana hapa ndipo watu wanaua trekta. Trekta ya shamba haina chesisi kama lori. Injini, klachi, giaboksi na difu vimefungwa pamoja kwa bolti, na vyenyewe ndivyo vinabeba kila kitu. Ukifunga loda ubavuni mwa injini peke yake, kila mzigo unaonyanyua unakunja yale maungio ya injini na giaboksi, na siku moja yataachia. Gereji ya kwanza niliyokwenda walinipa bei nzuri sana: loda ifungwe mbele, kijiko kining'inizwe kwenye mikono mitatu ya kunyanyulia jembe, kesho yake nichukue trekta. Nilikataa palepale. Ile mikono iko huru kwenda juu. Kijiko kikisukuma ardhi isiyokubali, chenyewe ndicho kinachonyanyuka, na anayekaa kati ya kijiko na trekta ni dereva. Watu wamebanwa hivyo wakafa. Kama kuna jambo moja nataka ulishike katika maandishi haya, ni hili.

Fundi wa Kizota niliyempa kazi aliipandisha trekta juu ya magogo, akapima kwanza mpaka nikadhani hana haraka na pesa. Akalaza chaneli mbili nzito za chuma kutoka mbele ya radieta, zikapita chini pande zote mbili za giaboksi, zikashika ekseli ya nyuma. Loda ikakaa juu ya chaneli, kijiko kikashikwa na chaneli hizohizo kwa nyuma, mikono mitatu ikavuliwa kabisa. Hakuchomelea chochote kwenye bodi ya giaboksi, kwa sababu chuma kile cha kusubu hupasuka kikipigwa moto ovyo. Alitumia matundu ya bolti yaliyotoka nayo kiwandani. Baada ya siku chache za kazi nilirudi tukakaza bolti zote upya, na kweli kuna zilizokuwa zimelegea. Hiyo ni kawaida ya fremu mpya, usiipuuze.

Pampu nayo. Massey hizi zina pampu ya pistoni inayokaa ndani ya oili ya giaboksi. Presha inayo, ila oili inayosukuma ni kidogo, kwa kuwa ilitengenezwa kunyanyua jembe. Ukiipa kijiko chenye jeki nyingi, utakuwa unasubiri. Tena oili ni moja na ya giaboksi, kwa hiyo uchafu wote wa jeki kuukuu unaingia kwenye gia. Tukaweka pampu ya gia mbele, inayozungushwa na puli ya injini kwa shafti fupi, na tangi lake peke yake lenye chujio. Ungeweza kufunga pampu kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha zana, ni rahisi zaidi, lakini kwa klachi yangu ya hatua mbili ukikanyaga mpaka chini PTO inasimama na loda inasimama nayo. Kwa mtu anayepakia tela mbele nyuma, mbele nyuma, hiyo ni kero ya kutwa. Oili tumeweka namba 68, nzito kidogo, kwa joto letu la Oktoba na Novemba.

Ekseli ya mbele usiisahau. Bushi na pini za stelingi zilibadilishwa zote kabla loda haijapanda, na matairi yakawekwa yenye plai (tabaka) nyingi. Stelingi yangu ni ya haidroliki. Kama yako ni ya mkono, jiandae kupigana na usukani.

Sasa kazi. Loda sina neno baya juu yake. Samadi iliyoshindiliwa zizini na ng'ombe kwa miaka, ile inayotoka kwa sururu vipande vipande kama matofali, inakatwa na kupakiwa na tela linajaa huku chai haijapoa. Kijiko cha nyuma kikiwa kimefungwa kinakuwa mzigo wa kusawazisha. Nikikivua, nategemea maji tuliyojaza kwenye matairi ya nyuma, robo tatu. Bila uzito huo matairi ya nyuma yananyanyuka ukiwa kwenye mteremko, na mzigo lazima uubebe chini chini, usiende nao ukiwa juu.

Kijiko kinanipa raha nusu. Kwenye udongo mwekundu wenye kichanga, mvua ikishaanza, kinachimba mtaro wa zabibu safi na kingo zimesimama. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, mwezi wa Septemba meno yanateleza juu, na trekta nzima inajivuta kurudi nyuma hata miguu ya pembeni ikiwa imekita. Mtambo wenyewe wa kuchimba ungefanya kazi hiyo mara kadhaa kwa haraka. Mwenye zabibu nyingi, au anayechimba mashimo ya choo na misingi kwa majirani, kitamlipa. Mwenye shimo moja kwa mwaka akodi tu, fedha yake aiweke kwenye loda.

Mipira ya haidroliki ikaguliwe kila asubuhi, na usipapase kwa kiganja kutafuta panapovuja. Oili ikitoka kwenye tundu dogo kama la sindano inapenya ngozi, na kidonda kinachoonekana kidogo kinaweza kukugharimu mkono. Pitisha kipande cha boksi, kitalowa panapovuja. Ikikupata, nenda hospitali palepale hata kama huumwi, uwaambie ni oili ya presha.

Yangu haina fremu ya kumkinga dereva trekta ikipinduka, kama zilivyo nyingi za umri wake. Fundi ameshachukua vipimo, na mpaka aifunge nimemkataza kijana wangu kupandisha loda kwenye tuta la lambo.