Laini tatu, daftari moja: bando langu lilikokuwa linakwenda

Mimi ni msusi, Mbagala Rangi Tatu. Wateja wananipata WhatsApp: mtu anatuma picha ya mtindo, namtajia bei, tunapanga siku. Bando likikata, na mimi nimekatika. Ndiyo maana Januari nilianza kuandika, ukurasa wa nyuma wa daftari la wateja, kila shilingi ninayoingiza kwenye simu.

Mwisho wa mwezi nikajumlisha: 43,500. Nikarudia hesabu, ikatoka ile ile. Na mimi siku zote najitangaza kuwa mtu wa buku kwa siku! Kumbe buku ya asubuhi ilikuwa na wadogo zake, jero ya jioni na jero ya kumalizia tamthilia usiku.

Daftari hilo hilo likanionyesha jambo jingine. Ukigawa bei kwa idadi ya MB, kifurushi cha jero ndicho ghali kuliko vyote. Cha kwangu cha jero kilikuwa na MB 160, yaani zaidi ya shilingi 3 kwa kila MB. Cha buku kilikuwa na MB 400, shilingi 2.5. Cha wiki, 5,000 kwa MB 2,200, kilishuka hadi kama 2.3. Ni habari ya mafuta ya kupima: anayenunua kibaba kila siku anamaliza pesa ya dumu na dumu hana. Mwaka 2021 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliweka bei za MB ndani ya vifurushi kati ya shilingi 2.03 na 9.35, kwa hiyo ukikutana na ofa inayong'aa, toa kikokotoo kwanza.

Laini yangu ya miaka yote sitaitaja, maana nina kisa nayo. Nilijiunga cha saa 24 saa tatu asubuhi. Kesho yake saa tatu kamili, mteja yuko kwenye kiti na mwingine anauliza bei, kikakata kikiwa na MB 210. Sikupata ujumbe. Simu ikaendelea kuvuta data kwenye salio la kawaida, shilingi 2,000 zikayeyuka wakati nashika rasta. Kanuni za 2021 zinataka mteja ajulishwe matumizi yakifika asilimia 75 na yakiisha, na asitozwe nje ya kifurushi bila kukubali mwenyewe. Nikapiga huduma kwa wateja, nikasikiliza muziki hadi nikaukariri.

Februari nikasajili laini mbili zaidi, Airtel na Halotel. Kabla ya hapo nilipiga *106# kuona zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA, nikakuta moja niliyoisahau tangu 2020. Ipige leo, utashangaa.

Airtel nikaitumia saluni. Hapa kwetu Rangi Tatu ilinibeba vizuri, video za mitindo zinafunguka hata jioni watu wote wakiwa mtandaoni. Lakini usije ukanunua kwa maneno yangu. Mnara wa mtaa wangu si wa mtaa wako. Azima laini ya jirani siku moja, ujaribu ndani ya chumba chako, siyo barabarani.

Halotel nilienda nayo kwa mama, ndani kidogo ya Mahenge, ambako kwa miaka mingi tulizoea kupandia simu kwenye kichuguu. Ilishika tukiwa jikoni. Hawa walipoanza 2015 walikwenda na minara vijijini, na kwa mama nimeyaona matunda yake.

Kuhusu dakika, sisi wengi bado tunanunua kwa mazoea ya zamani. Mwaka 2018 mtandao mmoja ulilipa mwingine shilingi 15.60 kwa dakika kuunganisha simu. Kufikia 2022 ikawa 2.00. Sababu ya kutembea na laini ya kila ukoo imepungua sana. Mimi nachukua dakika za mitandao yote, basi.

Nilitaka hata kuhama kabisa na namba yangu. Ukiwa kwa wakala wa mtandao mpya unatuma neno HAMA kwenda 15080. Wakala akaniuliza: "Dada, pesa ya kwenye simu umeshatoa? Salio nalo halihami. Na ule mkopo wa vocha?" Nikanyamaza, maana mkopo ulikuwepo. Pia wateja wangu wanalipia namba ile, jina likitokea wanajua ni mimi. Nikabaki.

Machi ikawa hivi: data ya wiki Airtel 5,000, dakika za wiki kwenye laini ya zamani 2,000, vyote mara nne, na jero tatu za tamthilia, sitadanganya. Jumla 29,500. Zilizobaki ukilinganisha na Januari, 14,000, zikanunua rasta.

Ile laini ya Halotel niliifunga, mama akasajili yake kwa kidole chake, tukaiweka kwenye kitochi. Kila Jumapili namtumia dakika za wiki nzima, za mitandao yote, na nimemweleza mara nne kwamba ni zake, apige tu. Bado ananibipu.