Uzi wa nyavu kwa kazi za mikono: tumepima bidhaa tatu za maduka ya uvuvi Mwanza

Anayetafuta uzi wa kufumia mjini Mwanza huenda moja kwa moja kwenye maduka ya vifaa vya cherehani, akarudi na nyuzi za sweta za akriliki zenye rangi za pipi. Si mbaya kwa kofia ya mtoto. Lakini pambo la ukutani linalotaka kuonyesha ziwa lina uzi wake, na uzi huo unauzwa na watu ambao hata hawajui kwamba wanauza vifaa vya sanaa: wenye maduka ya zana za uvuvi. Bidhaa tulizopima ni tatu, yaani uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, wavu mpya wa dagaa, na wavu kuukuu wa sangara. Ya kwanza inapata alama 9 kati ya 10. Ya pili 7. Ya tatu inategemea pua yako ina uvumilivu kiasi gani.

Uzi wa nailoni

Kwenye karatasi ya roli utakuta maandishi kama 210D/9 au 210D/36. Wavuvi husoma namba ya mwisho tu: plai tisa, plai thelathini na sita. D ni denia, uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi mmoja mwembamba, na namba ya mwisho ni idadi ya nyuzi hizo zilizosokotwa pamoja. Ukishajua hilo huna haja ya kumwuliza muuzaji roli lina urefu gani. Plai 9 ni 210 mara 9, yaani 1,890. Gawa 9,000,000 kwa 1,890 upate mita 4,760 hivi kwa kilo. Msokoto hula sehemu ya urefu, kwa hiyo weka akilini mita 4,300 hadi 4,500. Robo kilo ni zaidi ya kilomita moja ya uzi. Plai 36 kwa hesabu hiyohiyo inashuka hadi mita 1,100 hivi kwa kilo, na hapo ndipo watu hupungukiwa kazi ikiwa nusu, kwa sababu walikadiria kwa ukubwa wa roli badala ya uzito na namba.

Plai 9 inafaa kudarizi na kufuma vitu vyepesi kwa sindano ya ndoano ya milimita 1.75 au 2. Plai 18 ndiyo ya kufunga wavu kwa mkono. Plai 36 ni ya makrame (mapambo ya kufunga mafundo kwa mkono), au kufuma kwa sindano ya milimita 3 hadi 3.5. Plai 6 iache. Inakata vidole kabla hujamaliza safu ya tatu.

Uzuri wa uzi huu ni kwamba hautoi manyoya, msokoto wake uko sawa mwanzo hadi mwisho, na una mng'ao wa kitu kilichotoka majini sasa hivi. Hakuna uzi wa sweta unaotoa mng'ao huo. Alama moja iliyopungua ni ya utelezi: fundo la kawaida la pamba hapa hufunguka lenyewe usiku. Acha ncha ya sentimita 1, funga fundo mara mbili, kisha yeyusha ncha kwa kiberiti hadi ibaki milimita 5. Usiibane kwa vidole ikiwa bado ya moto, kwani nailoni iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza.

Tatizo la kweli liko kwenye rafu. Mara nyingi uzi wa nailoni hukaa bega kwa bega na uzi wa polithini, vyote kijani au bluu, na muuzaji huviita vyote nailoni (si tumezoea kuita nailoni hata mfuko wa plastiki?). Tofauti yake utaiona nyumbani, polithini itakapokataa rangi na kuyeyuka chini ya pasi, maana yenyewe huyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi, wakati nailoni huyeyuka kwenye 220 au zaidi. Omba kipande cha sentimita 10. Kiloweshe kwa maji ya sabuni, ukikamue kwa vidole hewa itoke, kisha kitumbukize kwenye glasi ya maji. Nailoni huzama. Polithini huelea. Ukiruka hatua ya sabuni, mapovu yaliyonasa kwenye msokoto yataielesha hata nailoni na kipimo kitakudanganya. Kama kuna kiberiti, choma ncha: polithini huendelea kuwaka na kunuka mshumaa uliozimwa, nailoni hujikunyata, hudondosha tone, na huacha kifundo kigumu.

Kuutia rangi

Rangi za batiki zimetengenezwa kwa ajili ya pamba. Ukizitumia kwa magadi kama ulivyozoea, nailoni itatoka imefifia kama kanga ya mwaka juzi. Nailoni inataka rangi ya asidi, ile ya sufu na hariri, pamoja na siki. Rangi ya chakula nayo hushika kwa siki, ila hufifia upesi zaidi. Zile za unga za kupaka ukindu si za aina moja, hivyo jaribu kwanza kipande cha sentimita 20.

Kwa gramu 100 za uzi mweupe tumia maji lita 3, rangi gramu 1 hadi 2 na siki ya mezani mililita 60. Uvute uzi kutoka kwenye roli uufanye kitita kilicholegea, ukifunge sehemu nne kwa kamba isiyobana. Ufue kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu uzi mpya una mafuta ya kiwandani na rangi hukwepa palipo na mafuta. Uingize kwenye sufuria maji yakiwa vuguvugu, pandisha moto polepole, na baada ya dakika 10 tia nusu ya siki. Nusu nyingine baada ya dakika 10 tena. Usifikishe mchemko mkali. Maji yanayotoa mvuke na kutikisika kidogo pembeni yanatosha, kwa dakika 30 hadi 40. Uache upoe humohumo.

Mabaka ndiyo malalamiko ya kila mtu. Nailoni hunywa rangi kwa pupa, hivyo ukitia siki yote mwanzoni, au moto ukiwa mkali, tabaka la nje la kitita humaliza rangi kabla ya la ndani kuonja. Jambo jingine: uzi husinyaa kidogo kwenye maji ya moto. Tia rangi kabla ya kufuma. Aliyefuma kwanza akachemsha baadaye atapata pambo lililopinda pembe. Na sufuria iliyotumika isirudi jikoni.

Rangi gani sasa? Hapa ndipo wengi huazima bahari ya watu wengine. Bluu ya Zanzibar, kasa, nyota ya bahari, matumbawe; hakuna hata kimoja ndani ya Ziwa Victoria. Maji haya hayana chumvi, hayajui kujaa na kupwa, na kwenye ghuba ya Mwanza mara nyingi ni ya kijani kilichochanganyika na kijivu kuliko bluu. Anza na sehemu 6 za njano, 3 za bluu na 1 ya nyekundu. Hiyo nyekundu ndiyo inayoua ukali wa kijani. Kwa miamba, kijivu chenye wekundu wa mbali, na mistari myeupe ya vinyesi vya ndege ikishuka wima. Zambarau ya maua ya magugu maji itumie kama chumvi. Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa Mwanza, kwa heshima zote, limeshachorwa vya kutosha.

Kufunga na kutundika

Ziwa linakaa kwenye jicho la wavu kuliko kwenye picha ya samaki. Kata kibao bapa chenye upana wa nusu ya jicho unalotaka: jicho la sentimita 5, likipimwa likiwa limevutwa fundo hadi fundo, linataka kibao cha sentimita 2.5. Uzi hupita mbele ya kibao, huingia jicho la juu kutoka nyuma, unabanwa kwa kidole gumba, huzungushwa nyuma ya miguu yote miwili ya jicho, kisha hupita chini ya uzi uliobanwa na kukazwa. Fundo likiteleza kando unapovuta, ujue lilikaza chini ya ncha ya jicho badala ya kupanda juu yake. Ulilegeza kidole gumba mapema. Lifungue hapohapo, maana likibaki, macho ya safu inayofuata yatakuwa makubwa na madogo.

Kinachotofautisha pambo zuri na wavu uliotundikwa tu ni uwiano kati ya wavu na kijiti cha kuutundikia. Chukua pambo la mita 1 kwa upana, macho ya sentimita 5. Ukitaka macho yawe ya mraba, gawa upana kwa 0.7: wavu uliovutwa wa mita 1.43, yaani macho 28 au 29. Ukitaka macho marefu ya almasi, kama wavu wa kutega ulivyo ndani ya maji, gawa kwa 0.5: mita 2, macho 40. Urefu nao hubadilika. Kwa 0.5 pambo litashuka asilimia 87 hivi ya kina cha wavu uliovutwa, kwa 0.7 asilimia 71 tu. Anayepuuza hesabu hii hukata kijiti kwanza, kisha hushangaa mbona wavu umejikusanya katikati kama pazia la bafuni.

Wavu wa dagaa

Huu ni wavu laini wenye macho ya milimita 8 au 10, na kwa mdarizi ni sawa na kitambaa chenye vishimo vilivyokwisha kuhesabiwa. Unaonekana mwepesi kama moshi, na ukiweka tabaka mbili zilizopishana kidogo zinatoa mawimbi yanayosogea mtu anapopita mbele yake. Hilo pekee linatosha kuununua. Mada yake iko wazi pia: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mstari wa taa ziwani kwa mbali ni vifundo vya uzi wa njano vilivyotawanyika kwenye tabaka la nyuma. Mchana ni dagaa wenyewe, wameanikwa. Mishono mifupi ya fedha, sentimita 1.5 kila mmoja, ikielekea huku na huku. Usiipange. Dagaa hawajipangi.

Alama tatu tulizokata ni hizi. Wavu hunyooka upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa hiyo uwambe kwenye fremu ya mbao kwa misumari ya kichwa bapa, kila sentimita 3, kabla ya mshono wa kwanza. Ukitumia fremu ya duara ya kudarizia, wavu utateleza. Ukingo uliokatwa huchanika. Ukunje mara mbili na kushonea utepe wa pamba. Tena wenye maduka wengi hawapendi kuukata, huuza kipande kizima, ambacho ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Nunueni wawili au watatu mgawane.

Wavu kuukuu

Macho ya inchi 6, rangi iliyochujuka na jua, viraka vya uzi wa rangi nyingine mahali fundi alipoziba: hakuna anayeweza kubuni hivyo. Uombe kwa mwenye chombo, na chukua wa nyuzi zilizosokotwa. Ule wa uzi mmoja unaong'aa kama mshipi wa ndoana, uitwao timba, ni haramu ziwani. Usionekane nao barabarani ukieleza habari za sanaa.

Usiufulie ziwani. Kichocho kipo kwenye fukwe hizi, na kusimama kwenye maji ya kina kifupi ukisugua wavu ndiyo njia yake. Ufue nyumbani: kwanza uukung'ute ukiwa mkavu magamba na ukoko wa kijani vitoke, kisha loweka usiku kucha kwenye ndoo ya maji lita 20 yenye sabuni ya unga vijiko 4 na magadi vijiko 4, suuza, loweka tena saa 2 kwa maji yenye siki nusu lita. Harufu ikibaki, rudia siki. Jiki usiiguse, kwani klorini hudhoofisha nailoni na pambo litaanza kukatika kwenye mafundo. Kabla ya haya yote vuta jicho moja kwa nguvu za mikono miwili. Likikatika kirahisi, jua limeshaula wavu huo na kazi yako haitadumu. Kwa sababu hiyohiyo pambo la nailoni lisitundikwe dirishani.

Maboya ya plastiki ni rahisi kutoboa na hupendeza yakiwa machache. Risasi za kuzamishia wavu ziacheni dukani: ni madini ya risasi kweli, hupaka vidole weusi, na ni sumu kwa mtoto atakayeziweka mdomoni. Kuvuta ukingo wa chini wa pambo la mita 1 gramu 250 zinatosha, na vijiwe vitano vya ufukweni, kila kimoja kimefungwa ndani ya jicho lake la plai 9, vinafika hapo.