Gobore la kaliba ndogo kwa kulenga shabaha: lipi ununue kwanza

Ukiishi Marekani na umeanza kutamani kulenga shabaha kwa gobore, muuzaji atakuelekeza moja kwa moja kwenye kaliba ya .50, yaani mtutu wenye upana wa ndani wa nusu inchi. Ndiyo inayotoka zaidi dukani, kwa kuwa wateja wengi wanatafuta silaha ya kuwindia kulungu. Wewe huwindi kulungu. Unataka kusimama kiwanjani Jumamosi, upige makopo na karatasi za shabaha kwa umbali wa yadi 25 hadi 50, kisha urudi nyumbani bega likiwa zima na mfuko haujatoboka. Kwa kazi hiyo kaliba za .32, .36 na .40 zinaipita .50 kwa mbali, na ndizo nilizozipanga hapa.

Anza na hesabu ya baruti. Ratili moja ina greni 7,000. Gobore la .50 likishindiliwa greni 70 kila mara, ratili hiyo inakupa mipigo 100. La .32 linaridhika na greni 20 hivi, kwa hiyo ratili ileile inakufikisha mipigo 350. Gololi nazo ni hivyohivyo: ya .32 ina uzito wa greni 45 hivi, ya .36 kama 65, ya .40 kama 90, na ya .50 inakaribia 180. Anayeyeyusha madini ya risasi na kujimiminia mwenyewe kwenye kalibu anapata gololi nne ndogo kwa uzito wa moja kubwa. Wakazi wa milima ya Appalachia waliijua hesabu hii tangu karne ya 19. Wanyama wakubwa walipopungua, na baruti na risasi zikiwa ni vitu vya kununua kwa taabu, mitutu myembamba ilitosha kabisa kwa kindi wa kitoweo.

Wembamba huo una gharama yake, na wauzaji hawaitaji. Mtutu wa .32 hujaa masizi upesi. Baada ya mipigo michache gololi inaanza kukwama njiani, na lazima upitishe kitambaa chenye unyevu ndipo uendelee. Mdeki wa mbao, yaani kijiti cha kushindilia gololi, unaokuja na bunduki ni mwembamba kama ufito. Ukiushika mbali na mdomo wa mtutu na kuusukuma kwa nguvu, unavunjika, na kijiti kilichovunjika hivyo hutoboa kiganja. Ushike karibu, usukume kidogokidogo, na kwa kiwanjani nunua mdeki imara zaidi wa kuweka pembeni. Upepo nao huisukuma gololi ya greni 45 bila shida yoyote. Ndiyo maana .36 ni kaliba ninayoipenda kuliko zote: bado inakula kidogo, lakini inasafishika bila ugomvi.

Kuhusu mtambo, anayeanza achukue wa fataki, kikofia kidogo kinachogongwa na nyundo na kuwasha baruti. Gumegume, inayowasha baruti kwa cheche za jiwe, ni nzuri sana, tena naipenda, ila inadai jiwe lililochongwa na kufungwa vizuri, baruti nyeusi halisi kwenye kisahani chake, na mlengaji ambaye hatikisiki cheche zinaporuka mbele ya uso. Mambo hayo yanafundishika ukishajua kulenga. Kujifunza yote kwa pamoja kunakatisha tamaa.

Nafasi ya kwanza naipa Crockett ya kampuni ya Traditions, kaliba ya .32. Mtutu wake wa pembe nane una urefu wa inchi 32, na uzito ulioko mbele unatuliza mikono. Mifereji ya ndani huzunguka mara moja kila inchi 48, mwendo unaoifaa gololi iliyofungwa kitambaa. Ina triga mbili: ya nyuma unaitega kwanza, kisha ya mbele inafyatuka kwa mguso mdogo tu. Inatumia fataki namba 11 zinazopatikana maduka mengi. Urembo wake ni wa kawaida na mbao yake haina mvuto wa pekee, lakini ni mpya, ina dhamana, na bei yake ni ya chini kuliko za Italia. Kaliba yake siyo ile niipendayo. Naiweka juu kwa sababu mtu wa kawaida anaweza kuipata na kuimudu, akaanza kupiga mwezi huuhuu.

Ukiwa na fedha zaidi, tazama Pedersoli. Ni kiwanda cha Gardone Val Trompia, Italia, kilichoanzishwa mwaka 1957, na mji huo umetengeneza mitutu kwa karne nyingi. Bunduki yao ya Frontier imetoka kwa kaliba kadhaa, zikiwemo .32 na .36, ya fataki na ya gumegume. Mtutu ni mrefu, chuma kimefanyiwa kazi safi, na gololi huingia bila kuparuza. Ukikuta ya .36 ya fataki na bajeti inaruhusu, chukua hiyo, uruke nafasi ya kwanza bila kujuta. Bei ndiyo iliyoishusha kwenye orodha yangu.

Ya tatu ni bunduki iliyokwishatumika, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapopatia au kuumia. Kampuni ya Thompson/Center ya Rochester, New Hampshire, zamani ilitengeneza bunduki nyepesi iitwayo Seneca, kaliba ya .36 na .45, na ndogo yake Cherokee. Hazitengenezwi tena, lakini bado zinauzwa kwenye minada na maonyesho ya bunduki. Kabla ya yote hakikisha haijashindiliwa. Tumbukiza mdeki mpaka chini, weka alama usawa wa mdomo wa mtutu, utoe, kisha uulaze juu ya mtutu kwa nje. Ncha isipofika karibu na kichuchu kinachovikwa fataki, kuna kitu ndani. Bunduki ya urithi iliyokaa ukutani miaka mingi ikiwa na baruti tumboni siyo jambo la ajabu. Ikishakuwa tupu, pitisha kitambaa kikavu polepole. Kikikwama mahali, au kikitoka na kutu nyekundu, mwenyewe wa kwanza hakuwa akiosha, na hakuna mafuta yatakayorudisha mifereji iliyolika. Nje ikiwa na mikwaruzo, samehe. Ndani usisamehe.

Fundi Kibler wa Ohio anauza bunduki ya gumegume iitwayo Southern Mountain Rifle, ikiwa vipande vilivyokatwa kwa mashine vya kuunganisha mwenyewe, na .40 ni mojawapo ya kaliba zake. Kwa ubora ingekuwa ya kwanza. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza ni ya nne: unalipa vizuri, kisha unakaa na tupa, msasa na mafuta ya mbao majuma kadhaa kabla ya kupiga hata mara moja. Ya .45 ni bunduki nzuri, ila faida ya uchache wa baruti inaanza kupungua, basi naiacha.

Kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, gobore la baruti nyeusi lisiloweza kutumia risasi za maganda huhesabiwa silaha ya kale, kwa hiyo majimbo mengi yanaruhusu liletwe kwa kifurushi. New Jersey na Illinois hazipo kwenye kundi hilo, wala siyo hizo pekee. Soma sheria ya jimbo lako kwanza. Ndugu ambaye bado hana uraia aongee na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kulipa. Na mtu asifikirie kulifungasha kwenda nalo nyumbani: Tanzania na Kenya, kulimiliki bila kibali ni kosa.

Unapoagiza, agiza pamoja: baruti nyeusi ya FFFg (ya punje ndogo), kipimo cha baruti, vitambaa, mafuta, miwani na vizibo vya masikio. Gololi huwa ndogo kidogo kuliko mtutu ili kitambaa kipate nafasi: .310 kwa gobore la .32, .350 kwa .36, .390 kwa .40. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi usiitie hata chembe, inapasua mtutu. Osha mtutu kwa maji ya vuguvugu na sabuni siku ileile uliyopiga, ukaushe, upake mafuta.

Ukiweza kusubiri, nenda Friendship, Indiana, mwezi Juni au Septemba. Chama cha taifa cha walengaji wa magobore, kilichoanzishwa mwaka 1933, hufanya mashindano yake huko, na wauzaji hutandaza meza. Utaziinua zote begani kabla ya kufungua pochi.