CNC ya zamani na programu mpya: nunua adapta yenye herufi I

Malalamiko yanayonifikia kutoka karakana za Mtwara, Masasi na Nachingwea yanafanana kama mapacha. Mashine ya kukereza ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya miaka ya 1990, chuma chake bado kizima, ila kumbukumbu haimezi programu ndefu na kisomea diski kimekufa. Fundi ananunua adapta ya USB ya kupitishia programu kutoka kwenye laptopu, inapiga kazi vizuri tu, halafu siku umeme ukikatika na kurudi, tundu la RS-232, lile la zamani la kupitisha data kwa kebo, linanyamaza. Muuzaji akipigiwa simu, anasema kosa ni la mashine.

Kosa ni la waya wa ardhini. Mambo ya kasi na urefu wa kebo mtayasoma kwenye boksi, mimi nashikilia hili. Kebo ya RS-232 inaunganisha pini 5 ya kompyuta na pini 7 ya mashine, yaani sifuri ya huku na sifuri ya kule. Sifuri hizo zikipishana volti, mkondo unapita humohumo. Na huku kwetu zinapishana sana: fimbo ya ardhini imezama kwenye mchanga ambao haujaona mvua tangu Juni, laptopu ina chaja ya pini mbili, jenereta ndiyo kabisa halijafungwa ardhini. Zinazoungua ni chipu za 1488 na 1489, za kutuma na kupokea data, kwenye bodi ya mashine. Chipu zenyewe ni bei ndogo. Mtu wa kuzing'oa bila kuua bodi, mtafute.

Chaguo langu la kwanza ni adapta ya Moxa UPort 1150I, na upendeleo wangu siufichi. Hiyo I ya mwisho ndiyo unayoilipia: inatenganisha umeme wa USB na wa mashine hadi kilovolti 2. Bei itakuuma. Kwenye mashine yenye kidhibiti cha Fanuc anza na kasi ya 4800, biti 7, pariti shufwa, biti 2 za kusimama. Ikitoa alamu 087, mashine imeomba kompyuta isubiri, kompyuta haikusikia. Rekebisha XON/XOFF, ishara za kuendelea na kusubiri, kabla hujaanza kugombana na mtu.

La pili ni kadi ya kumbukumbu ya CF ndani ya adapta ya PCMCIA, inayochomekwa kwenye tundu la kadi la mashine, kwa wenye Fanuc 16i, 18i au 21i zenye tundu hilo pembeni ya skrini. Kadi isizidi GB 2, ipangwe kwa mfumo wa FAT16, na chaneli ya data kwenye mashine iwe 4. Hakuna kebo, hakuna ugomvi wa sifuri.

Mwenye mashine ya diski achukue Gotek, kifaa kinachokaa mahali pa kisomea diski na kusoma flashi ya USB, aiwekee programu ya FlashFloppy. Ahakikishe kwanza kama diski yake ni ya KB 720 au MB 1.44.

Adapta za bei ya chee? Nyingi zina chipu bandia ya FTDI, kampuni ya chipu za USB. Mwaka 2014 FTDI wenyewe walitoa draiva iliyozifanya chipu hizo zisitambulike na kompyuta.

Kinachonikera zaidi ni wanaouza UPort 1150 tupu kwa bei ya yenye I. Kwa sura huwezi kuzitofautisha, na mzigo ukishapanda basi la kusini, kuurudisha ni nauli yako. Ukiagiza Dar es Salaam, dai picha ya kibandiko cha nyuma kabla hujatuma hela. Akikutumia picha ya boksi, mwambie ageuze kifaa chenyewe.